Ufunguo Shingoni mwa Shangazi

Jumatatu, 6 Mei

Mafunzo ya kutoa dawa yameanza hapa kwenye nyumba ya wazee. Mkufunzi ni nesi mwembamba, sauti ndogo, macho ya kukuchunguza mpaka mfukoni. Tumeshampa jina: Bi Subiri. Ukinyoosha tu mkono kwenye kidonge – subiri! Huyu ni nani? Dawa gani? Kiasi gani? Saa ngapi? Nimefika nyumbani kichwa kinagonga, nikashika dawa ya maumivu, nikajisikia nasema subiri. Amenipata!

Sheria yake kubwa: dawa haiachwi mezani. Unamwita mzee kwa jina, unampa mkononi, unamwona akimeza. Na atakayekosea anakabidhi ufunguo wa kabati la dawa siku hiyohiyo, mpaka uchunguzi uishe. Hapo wote tukamtazama shangazi yangu, mkuu wa zamu yetu. Ufunguo anauvaa shingoni kwa kamba nyekundu, miaka nenda miaka rudi. Huwa tunamtania kwamba anaoga nao. Leo hakucheka.

Jumanne, 7 Mei

Shangazi kanuna. Kaniambia jikoni, kwa kunong'ona, kwamba yule nesi hajawahi kuhudumia ukumbi mzima wa wazee asubuhi akiwa peke yake. Kweli kabisa. Ndiyo maana yeye hupanga vikombe vidogo vya dawa mezani kabla wazee hawajaja, kila kiti na kikombe chake. Anasema hakuna hatari: wazee wetu na viti vyao! Bora umguse mtu meno yake ya bandia.

Bi Subiri akiwepo, shangazi anabeba trei na kuita majina vizuri. Akigeuza mgongo tu – vikombe mezani. Kaniambia nifunge mdomo. Nimefunga. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyeniombea kazi hii. Nimwambie nini? Lakini siipendi.

Jumatano, 8 Mei

Fundi wa rangi kaingia ukumbi wa chakula. Mapazia yameondolewa madirishani. Harufu! Ijumaa napimwa: nitampa mzee mmoja dawa mbele ya Bi Subiri. Nikishindwa, narudi kufua mashuka.

Alhamisi, 9 Mei



Asubuhi Bi Subiri alikuwa ofisini. Shangazi akapanga vikombe, kisha akaenda kumvisha bibi mmoja aliyechelewa kuamka. Mimi nagawa maji. Dirisha halina pazia, jua linampiga Dereva usoni – tunamwita hivyo, aliendesha malori maisha yake yote. Akalalamika, akamwomba Mwalimu, mzee wetu aliyestaafu ualimu, wabadilishane viti. Mwalimu na ustaarabu wake, akainuka. Niliwaona! Niliwaona, nikatabasamu, nikaona wamependeza.

Nilipofika na jagi, Mwalimu keshameza vyote vilivyokuwa mbele yake. Kikombe cha Dereva. Dereva ana kisukari. Mwalimu hana.

Dereva alikuwa ameshika cha mwenzake, nikamnyang'anya. Nikamkimbilia shangazi. Akasema nishushe sauti, kidonge kimoja hakiui mtu, nimpe chai yenye sukari nyingi, tutamwangalia wenyewe. Nikampa. Mwalimu akaniambia asante binti yangu. Nikarudi kuosha vyombo, nikawa nasugua sufuria ileile tu.

Nilipochungulia tena alikuwa ametota jasho. Akaniuliza kama kengele ya shule imeshalia, watoto wanamsubiri darasani.

Shangazi akanishika mkono. Nikauvuta. Nikakimbia ofisini, nikamwambia Bi Subiri yote kwa pumzi moja: dawa ya Dereva, kaimeza Mwalimu, kabla hajala. Akampima damu ya kidoleni – sukari imeshuka vibaya. Gari la wagonjwa likaja. Hakuniuliza nani aliweka vikombe. Aliniuliza kwa nini sikumwita mapema. Nikaokota kofia ya Mwalimu sakafuni, nikaipangusa.

Alhamisi hiyohiyo, mchana

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja. Hospitali wamepiga simu: Mwalimu yuko kwenye dripu, ameamka, ameuliza kofia yake. Asante Mungu! Lakini hawamwachii, dawa ile inaweza kumshusha tena.

Meneja anatuita mmoja mmoja. Anataka kujua ni nani aliyeweka vikombe mezani.

Shangazi alikaa kando yangu. Kisha akaninyooshea kola, vilevile kama siku ile aliyonipeleka darasa la kwanza. Nikataka kulia. Nikamwambia: shangazi, sema ukweli tu, mimi niko na wewe.

Akasema bila kunitazama: "Wewe bado uko mafunzoni, mwanangu. Aliye mafunzoni akikosea, wanamfundisha tena. Mimi watanifukuza."

Akaingia.

Sauti zao nazisikia, maneno siyapati. Naandika ili mikono ipate kazi. Nampenda shangazi. Na ninamwogopa, leo kwa mara ya kwanza.

Mlango umefunguka. Katoka. Kanipita haraka, macho chini, bega lake limenigusa. Kamba nyekundu bado iko shingoni. Ufunguo unaning'inia palepale; hakuukabidhi.

Meneja anasema niingie. Bi Subiri yumo ndani, kaniwekea kiti. Meneja anaita tena. Nafunga daftari.