Baba, Sikukuita Uchome Nyama

Baba yangu uliyelala Chanika,

Shikamoo. Leo kazini Rehema ameniuliza wapi atapata nyama nzuri ya kuchoma ya Kikorea, mume wake anatimiza miaka arobaini. Nimemwelekeza Kinondoni, pale pale. Nimemwambia achague meza yenye jiko katikati, aagize ya ng'ombe iliyolowekwa kwenye sosi ya soya, na asiiogope kabichi yao iliyochachuka kwa pilipili. Nimeeleza vizuri mpaka akanitania kwamba labda nina shemeji Mkorea. Sikumwambia kuwa tangu siku ile sijakanyaga tena pale.

Ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Nilikuwa nimepandishwa cheo, nikamwalika bosi wangu na wenzangu wawili wa ofisini, kisha nikakupigia simu: "Baba, njoo Kinondoni, kuna nyama ya kuchoma." Hivyo tu. Mdomo wangu mvivu. Ukaja kutoka Chamazi umevaa shati jeupe, na kwapani umebana kisu chako kilichoviringishwa gazeti. Nilicheka moyoni nikidhani ni uzee.

Dada wa mgahawa akaleta sinia la nyama mbichi iliyokatwa nyembamba, akaweka na koleo na mkasi. Ulipouona mkasi ulishtuka.

"Nyama inakatwa na mkasi, kama kitambaa?"

Bosi akacheka, nami nikacheka. Kisha ukasimama, ukakunja mikono ya shati, ukapitisha kiganja juu ya moto kuupima, ukaanza kazi. Ulichoma yetu, ukageukia meza ya jirani ukawaambia moto wao mkali. Kipande cha kwanza ukampa bosi aonje, kama ulivyowafanyia wateja wa baa miaka yote. Wewe hukutia kitu mdomoni, maana nyie wachoma nyama hamli mbele ya mteja. Jasho likaanza kudondoka karibu na vibakuli vya kachumbari. Nikayaona macho ya wenzangu, nikakuvuta shati.

"Baba, kaa chini bwana. Unanitia aibu."

Ukakaa. Ukaniuliza polepole, "Sasa mama, mie umeniitia nini?"

Nikakujibu kwamba tutaongea baadaye.

Nilipofika nyumbani ndipo swali lako liliponiingia. Siku ya kipaimara changu ulikuwa nyuma ya nyumba na mbuzi. Siku ya sendofu yangu ulichoma mbuzi watatu, ukaitwa ukumbini kunikabidhi ukiwa unanuka moshi, halafu ukarudi motoni, na mimi nikaendelea kucheza muziki na mashoga zangu. Hakuna aliyewahi kukuita kwenye nyama ila uichome, na mimi mwanao nilikuwa wa kwanza kati yao. Ungejuaje kwamba safari hii nilitaka ukae, uletewe, ule ushibe?

Nilijiona mtu mbaya, na bado najiona hivyo. Lakini sikukupigia. Niliona haya, nikasema nitakuja wiki ijayo, wiki ikawa mwezi, halafu kifua kikakulaza. Daktari alisema mapafu yako yamechoshwa na moshi.

Wodini, pumzi ikikukatika, ulinishika mkono.

"Wale wageni wako, waliridhika na ile nyama?"

Yaani hata pale ulikuwa bado unaiwaza kazi uliyodhani umeiharibu. Nafasi ya kusema nilikuwa nayo, baba. Tulikuwa wawili tu, muuguzi alikuwa ametoka. Nilihitaji maneno machache tu. Nikaogopa kukueleza kwamba nilikuaibisha bure, nikachagua njia rahisi.

"Waliridhika, baba. Walikusifu sana."

Ukaachia mkono wangu, ukafumba macho kama mtu aliyemaliza zamu yake. Kesho yake asubuhi ukaondoka.

Mgeni siku ile ulikuwa wewe, baba. Wewe peke yako. Wale wengine niliwaita waje wakuone.

Nisamehe, kama huko uliko bado unanisikia.

Mwanao wa kwanza.