Kipande cha Kanga Kwenye Bomba la Hewa

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua hapo ulipo huwezi kuniitikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu anayeanza kueleza shida yake kabla ya kuamkia hana adabu, na mimi leo nina shida kubwa ya kueleza. Basi tufanye umeitikia. Vuta ile stuli yako ya mlangoni ukae.

Nakuandikia nikiwa gerejini kwangu hapa Lumemo, Ifakara. Mikono ina grisi na karatasi imeshachafuka pembeni. Mama yuko ndani anachambua mchele, hajui naandika nini. Ni habari ya ile pikapu yako. Najua ungecheka, maana sisi wawili tuliwahi kuzungumza kitu gani kingine? Wenzangu walikuwa wanaongea na baba zao habari za shule na uchumba. Sisi tulikuwa tunaongea habari za nozeli, vile vinyunyizio vya dizeli vya injini.

Unakumbuka kanga? Kila msimu wa mavuno, kabla ya safari ya kwanza ya kwenda Mchombe kubeba mpunga, ulikuwa unamwomba Mama kanga iliyochakaa. Ulikata kipande cha ukubwa wa leso, ukakifunga kwa mpira wa tyubu kwenye mdomo wa bomba la hewa, pale injini inapovutia pumzi. Mama alinung'unika kila mwaka kwamba gari linavaa kuliko yeye. Tukifika kwenye mashine ya kukoboa, pumba zinaruka mpaka huoni mlango, ulishuka, ukafungua kile kipande, ukakikung'uta gotini mara tatu, ukakirudisha. Watu wamesimama na magunia yao wanakusubiri, wewe unakung'uta kanga! Mimi nilikuwa nimekaa mbele, najifanya natafuta kitu chini ya kiti kwa aibu. Pale stendi ya pikapu walikuita Baba Kanga, na wewe uliitika bila kinyongo.

Halafu nikaenda chuo cha ufundi Morogoro, nikarudi na cheti na kiburi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, msichana peke yangu kwenye gereji zote za Ifakara nilizozijua, na hakuna aliyenipa gari lake. Wakinikuta nimelala uvunguni waliuliza fundi yuko wapi. Nikiwajibu ni mimi, walisema watarudi kesho. Nami nikawajibu vibaya, unaujua mdomo wangu, nimeurithi kwa Shangazi.

Siku zile kwenye simu nilikuwa naona vijana wa mjini wanatoa lile boksi jeusi la eya klina, lile linamokaa chujio la hewa, wanaweka chujio la wazi lenye umbo la pia pamoja na bomba fupi pana. Injini inanguruma, wao wanaapa kwamba nguvu imeongezeka. Hoja yao niliiona haina ubishi. Injini inavuta hewa. Ikivuta nyingi zaidi, inachoma vizuri zaidi, inapata nguvu zaidi. Nikakueleza yote hayo nikiwa nimesimama, wewe umekaa unakula muhogo. Nikakwambia boksi lako na kanga yako vimeliziba gari pua.

Hukubisha. Uliuliza kitu kimoja tu: "Hiyo hewa litaivuta kutoka wapi?"

Nikasema hewa ni hewa, Baba. Ukamaliza muhogo wako, ukajifuta mikono, ukanipa funguo.

Habari zikafika stendi kabla sijamaliza kukaza boliti. Wale wazee wakacheka, wakasema ufundi wa binti upimwe. Ikapangwa kwenye kile kilima cha Mkula, na enzi hizo barabara ilikuwa bado ya vumbi. Jumamosi ya kwanza tulipanda na boksi lako la zamani, magunia kumi na tano ya mpunga nyuma. Gari liliguna kilima kizima kwa gia ya kwanza. Jumamosi ya pili tulipanda na chujio langu la wazi, magunia yaleyale, wewe kwenye usukani, mimi pembeni nimeng'ang'ania mlango. Baba, lile gari lilipanda na gia ya pili mpaka juu! Wazee waliokuwa wanatufuata nyuma walishuka wakipiga mluzi. Wewe ukapiga dashibodi kwa kiganja, ukawaambia, "Mwanangu ni fundi."

Nimeishi kwa maneno hayo matatu miaka yote hii. Jumatatu yake nilikuta magari matatu mlangoni. Mwaka ulipoisha watu walikuwa wanatoka mpaka Mlimba kuja kufungiwa "bomba la binti". Wewe ukaomba jambo moja tu, kwamba msimu wa mpunga ukifika nikuruhusu kufunga kipande cha kanga juu ya lile chujio jipya. Nikakataa. Nikasema utaniharibia jina, wateja wataona tambara kwenye gari la baba wa fundi. Ukakunja kile kipande, ukakitia mfukoni, ukaondoka zako.

Misimu miwili baadaye pikapu ilianza kutoa moshi wa bluu. Asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Nikashusha injini, nikakuta ringi za pistoni zimelika na kuta za silinda zimejaa mikwaruzo. Sasa hapa ndipo penye shida yangu, Baba. Nilikufuata stendi na ovaroli langu, mbele ya wenzako wote, nikasema kwa sauti kwamba injini imekufa kwa sababu hukuwa unabadilisha oili kwa wakati. Nilikusema kama mtoto aliyemwaga maziwa. Wewe, mtu uliyekuwa unaandika kilomita za oili kwa chaki kwenye ukuta wa jikoni!

Ukasema, "Huenda nimesahau, mama. Nimezeeka." Uliniita mama kama kawaida yako, wala sauti haikupanda.

Maneno yakazunguka mji mzima kwamba Baba Kanga kaua injini kwa uzembe. Pikapu ikalala uani, kuku wakataga ndani yake. Wewe hukuendesha tena. Ulihamia mlangoni kwangu na ile stuli, ukawa unasikiliza injini za watu na kuniambia ipi ina nozeli mbovu hata kabla sijafungua boneti. Ulikaa hapo mpaka masika yaliyopita yalipokuchukua.

Baada ya arobaini yako tulisafisha banda, mimi na Mama. Nyuma ya majembe nikakuta gunia limefungwa vizuri. Ndani yake ni lile boksi la eya klina, limeoshwa, limepakwa mafuta kidogo kwenye vibanio, na ndani ya boksi kuna kile kipande cha kanga kimekunjwa mara nne. Nikacheka. Nikasema mzee huyu alikuwa mbishi, mpaka mwisho hakuamini bomba langu.

Mama akaacha kufagia. Akasema, "Wewe unadhani lile gari lilipanda Mkula kwa bomba lako? Mimi ndiye niliyeshika tochi."

Akanieleza pale pale, amesimama na fagio. Kwamba tuliporudi Jumamosi ya kwanza uligusa gurudumu la nyuma la kushoto ukaungua vidole. Kwamba alfajiri ya Jumamosi ya pili, mimi bado nimelala, ulilipiga jeki ukakuta breki imeng'ang'ania, kebo ya hendibreki imeganda kwa tope la mtoni. Tulikuwa tumeburuza gurudumu moja muda wote huo na hatukujua. Uliiachia, ukaipaka grisi, ukajaza upepo matairi yote manne kwa pampu ya mkono, ukavaa shati lako la safari. Mama akakuuliza kwa nini usimwambie mtoto. Ukamjibu, "Wakimpa magari, atajifunza. Wasipompa, atajifunzia wapi?"

Nilikaa chini, Baba. Nilikaa kwenye vumbi la banda na boksi lako mapajani.

Sikuamini mpaka nipime mwenyewe, unanijua. Nikachukua pikapu yangu, ya aina ileile kama yako, nikakagua breki zote kwanza, nikapakia magunia, nikaenda Mkula. Siku hizi ni lami tupu, ungeipenda. Nilipanda mara mbili na boksi, mara mbili na chujio la wazi, Mama pembeni anashika saa ya simu na kusali rozari yake. Asubuhi sikuona tofauti yoyote isipokuwa kelele. Mchana jua lilipowaka, kwa chujio la wazi gari likawa zito kidogo. Hapo ndipo swali lako la muhogo lilinirudia. Boksi lilikuwa linavuta hewa ya nje, ya baridi. Chujio langu linavuta hewa iliyokwisha kupikwa na rejeta ndani ya boneti, na hewa ya moto ni nyepesi, haina kitu. Halafu injini ile ya dizeli haikuwa na njaa ya hewa kabisa. Chujio likiwa safi, boksi la kiwandani linaitosha. Kinachoongezeka ni mlio, na sisi watu tukisikia mlio tunaona nguvu.

Na vumbi je? Nilirudi kwa njia za mashambani zenye vumbi, kisha nikapanguza kwa kidole ndani ya bomba, nyuma ya lile chujio la wazi. Kidole kilitoka chekundu kwa vumbi, lilelile linalokwaruza silinda.

Kwa hiyo injini yako niliiua mimi. Nikakusingizia wewe, nawe ukakubali mbele za watu.

Nilikukasirikia, nikuambie ukweli. Siku tatu sikuongea na Mama pia. Nilijiuliza ni upendo gani huu wa kumwacha mtu apotee miaka yote hiyo huku unamwangalia kutoka kwenye stuli. Ungenipiga hata kibao! Halafu jioni ya tatu nikakumbuka jinsi nilivyokuwa, na nikajua kwamba ungeniambia ningebisha, na kama ningekubali, wale wazee wangejua, na leo ningekuwa nauza maandazi stendi. Hasira ikaisha. Kilichobaki ni kukukosa tu, na aibu.

Ningeweza kunyamaza, maana Mama hasemi. Lakini wiki iliyopita akaja Mzee Masanja, yule Msukuma wa Mchombe mwenye ng'ombe na mashamba ya mpunga. Ana pikapu moja tu, mavuno yake yote yanategemea hiyo. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia anataka bomba la binti kabla ya msimu, gari limekuwa zito. Kisha akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba atatunza oili, asije akaua injini kwa uzembe kama marehemu mzee wangu.

Niliweka spana chini, Baba. Nikamwambia aniache na gari mpaka saa nane. Nikalipiga jeki, nikazungusha magurudumu moja moja kama ulivyofanya wewe. La nyuma la kulia likagoma. Nikaachia breki, nikajaza upepo, nikabadilisha chujio lake lililokuwa limeziba, boksi nikaliacha mahali pake. Akaenda nalo mpaka darajani akarudi anacheka, anauliza nimeweka bomba gani la ajabu. Nikamwambia sijaweka bomba lolote. Kisha nikamwomba anipeleke stendi.

Wale wazee wamebaki wachache, lakini waliokuwepo siku ile ya oili wapo. Nikashuka na boksi lako mkononi, nikawaamkia mmoja mmoja, nikawaeleza kila kitu, kuanzia Mkula mpaka ringi. Nikawaambia kila niliyemfungia bomba alirudishe, nitamfungia boksi bila malipo. Mmoja akaniuliza kama najua naua biashara yangu. Nikasema najua. Wawili walinitukana, na walikuwa na haki. Toka siku hiyo magari yamepungua mlangoni, sikufichi. Mzee Masanja ndiye aliyetangulia kunisogelea pale stendi, akaniomba nimtafutie kipande cha kanga.

Mama amenipa ile aliyovaa kwenye msiba wako. Nilimwambia atoe nyingine, akasema hiyo hiyo, gari limezoea nguo zake. Nimekata vipande sita, na cha kwanza nimekifunga jana kwenye pikapu ya Mzee Masanja, kwa mpira wa tyubu na kwa fundo lako lile.

Stuli bado iko mlangoni. Wateja wakitaka kuikalia nawapa kreti la soda. Nakukosa sana ninapofungua boneti, maana sikio lako lilikuwa linaniokolea nusu ya kazi. Pumzika, Baba. Pale stendi, mbele ya walewale, nilimaliza kwa kusema lile nililopaswa kukuambia wewe ukiwa hai: ulikuwa unabadilisha oili kwa wakati.

Ni mimi mwanao,
fundi aliyeshikiwa tochi akiwa amelala.