Maji Chini ya Petroli

Kawangware,
Jumapili.

Kwa kaka yangu Mutunga,

Natumaini mko wazima huko Masinga, na kwamba goti la wifi limepoa. Mimi sijambo. Mama bado yuko kwangu, analala vizuri, ila analalamika kwamba maziwa ya Nairobi ni mepesi.

Injini yako ya mashua ilifika salama, na ile jerikeni yenye petroli iliyobaki. Niliipeleka Makina, huko Kibera, kwa Wekulo, fundi wa jenereta na pampu. Alinitania kwamba bwawa la Kibera limejaa magugu hadi kuku wanatembea juu yake, nami namletea meli. Alipofungua kabureta akaniita nitazame. Ndani mlikuwa na matone ya maji. Nikamweleza jinsi inavyokuzimikia katikati ya bwawa ukiwa na abiria, na jinsi ulivyomfukuza Kavoi, msaidizi wako, ukisema anaiba petroli na kujazia maji.

Tulikagua sili zote zinazozuia maji. Nzima. Mpira wa kifuniko cha tangi, mzima. Wekulo akatia petroli mpya, akaifunga injini kwenye pipa la maji, akavuta kamba. Iliunguruma hadi waliokuwa wakitoka msikitini wakasimama kutazama. Ndipo nikamimina petroli yako kwenye chupa ya kioo. Kaka, sijawahi kuona kitu kitulivu namna ile: petroli juu, maji chini, na kati yao mstari mwembamba usiotikisika. Niliishika juani hadi Wekulo akauliza kama naiabudu.

Jana niliosha jerikeni nikaiacha mlangoni ikauke. Mama aliichukua, akaisuuza tena, akatia maji kidogo, akafunga. Nilipomuuliza, alisema chombo cha mtoto wake hakitoki mkononi mwake kikiwa kitupu. Alisema tangu uanze kuziacha jerikeni zako kwake, kila moja huitia maji kidogo na kukuombea usizame.

Nilikaa chini. Dua yake ndiyo iliyokuwa ikizima injini.

Sikumwambia, nawe usimwambie. Mpe mtungi wako wa maji ya kunywa aubariki huo, na petroli ipite njia nyingine. Lakini Kavoi mwendee leo hii usomapo, kabla hajahama kutafuta kazi kwingine. Umwombe msamaha mbele ya abiria wale wale waliokusikia ukimwita mwizi.

Wasalimie watoto. Mama anakusalimu sana. Anasema jerikeni atakuletea mwenyewe.

Dada yako,
Mwongeli