Samaki wa Mpira

Wiyoni, Lamu
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kaka yangu Bakr,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima wa afya, wewe na Bi Hadia na watoto, na joto la huko Doha liwe limewapungukia kidogo. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Shangazi Ummu bado goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini kula anakula na kugomba anagomba, kwa hivyo usimhofie. Najua tumezoea kuzungumza kwa simu. Haya ya leo nimeona niyaandike, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza na nisingefika mwisho.

Nianze na Cherotich, maana mengi yalianzia kwake. Ni yule muuguzi wa bara niliyekwambia tumempangisha chumba cha juu. Alipokuja hakuwa na mtu hapa Lamu. Akitoka zahanati anapanda juu, anafunga mlango, basi. Shangazi ndiye aliyeanza kumpelekea sahani ya wali, na sahani ikawa inarudi imeoshwa na ndani yake ndizi mbili tatu. Mwisho tukawa tunakula sote watatu. Tangu niachwe na mume wangu, kaka, sikuwa nimepata mtu wa kucheka naye. Asubuhi usafi wa nyumba, jioni kuwasomesha Qur'ani wasichana wangu kumi na tisa hapo ukumbini, kisha kulala. Cherotich alinirudishia kicheko, na hilo nataka ulijue kabla sijaendelea.

Babake alikuwa mlinzi wa shamba la maua huko Naivasha, na siku zake za mapumziko alikuwa akienda ziwani kuvua samaki wanaoitwa besi. Hakuwa na mashua. Alikuwa akisimama ukingoni na fimbo yake, na badala ya chambo anafunga samaki wa mpira mwenye mkia unaotikisika majini kama wa samaki mzima. Siku moja Cherotich akaitoa fimbo hiyo chini ya kitanda, pamoja na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa samaki wa mpira, wa kijani, wa fedha, wengine wametafunwa mikia. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia samaki wa bahari yetu wamekula chambo cha kweli tangu enzi za mababu, hawatadanganywa na kitu cha dukani. Akaniambia nikamwonyeshe mahali, tuone.

Nikampeleka pale nyuma, mikoko inapokomea, ambapo maji ya kina yanakaribia ukingo. Tulikuwa tukienda baada ya swala ya alfajiri maji yakiwa yanajaa, tunarudi kabla ya watu kutoka majumbani mwao. Alinifundisha kwa subira sana. Kwanza, nisisimame ukingoni kabisa, samaki asije akaona kivuli changu. Nirushe sambamba na mikoko, si katikati ya maji, kwa sababu samaki mkubwa hujificha ubavuni akingoja wadogo wapite. Kisha nimwache samaki wa mpira azame huku nikihesabu hadi tano, ndipo nizungushe taratibu, taratibu kuliko ninavyodhani. Na nikihisi ameguswa nisivute. Ningoje mpaka niusikie uzito. Hilo la kungoja ndilo lililonishinda. Kila nikiguswa navuta, na samaki anakwenda zake. Wiki tatu nzima sikupata kitu, na samaki wanne wa mpira wa babake niliwaacha kwenye mizizi ya mikoko. Hakuninunia hata siku moja.

Wiki ya nne nikangoja. Nikausikia uzito, nikainua fimbo, na maji yakapasuka. Alikuwa kolekole, kaka, mrefu kama mkono wangu, akanikokota mpaka nikajikuta majini hadi magotini. Buibui nililikunja, mtandio ukaniangukia mabegani, na mimi nacheka na kumwita Shangazi kana kwamba angenisikia kutoka nyumbani. Cherotich alinipiga picha ya video. Nilipotoka majini nilimwomba anipe picha hiyo kisha aifute kwake, naye akaifuta nikiwa natazama. Nawe nilikutumia asubuhi ile ile. Ulinijibu kwa mashaallah mbili, ukaniuliza kama kichwa nimekipika mchuzi. Nilifurahi siku nzima kwa jibu lako.

Alhamisi iliyofuata walikuja kusoma wasichana sita. Nikadhani kuna harusi. Ijumaa baada ya swala akaingia Ami Mohdhar, na hakukaa. Aliniuliza, «Safaa, ni ndia gani hii uliyoishika? Nti nzima imekuona kichwa wazi, wacheka majini na mtu asiye wetu.» Nikajaribu kumweleza kuwa tulikuwa wanawake wawili tu na jua halijatoka. Akanijibu kuwa sasa tumekuwa wanawake wawili na simu mia. Akaichukua ile fimbo ya kuvulia iliyoegeshwa ukutani, akaondoka nayo. Shangazi alimfuata mpaka mlangoni akimwambia samaki yule aliliwa na yeye Shangazi pia, basi amchukue na yeye. Hakugeuka.

Sikuuliza ile video ametumiwa na nani. Niliona sina haja ya kuuliza. Aliyepiga picha ni mmoja, na mtu akiweza kufuta mbele yangu anaweza kuwa ameiweka mahali pengine. Nilipanda juu nikamkuta Cherotich anapiga pasi sare yake. Aliapa kuwa hakumtumia mtu. Kisha akaniuliza kwa upole, «Na wewe, Safaa? Hukumpelekea mtu?» Nikamjibu kuwa nimekutumia wewe peke yako, na kwamba kukutaja wewe katika jambo kama hilo ni kunitukana mimi na marehemu wazazi wetu. Nikamwambia nyinyi watu wa bara hamjui kusitiri. Mikoba yake niliiteremsha mwenyewe, nikaiweka barazani, watu wakipita. Alimuaga Shangazi kwa mkono, mimi akaniamkia kwa kichwa tu.

Ikapita miezi miwili. Wasichana hawakurudi. Watu niliokua nao walikuwa wakinisalimia haraka haraka na kupita. Usiku na mchana nilikuwa nikijiambia neno moja tu, kuwa nilimfungulia mtu nyumba yangu naye akaniuza.

Wiki tatu zilizopita alikuja Razan, mwana wa Ami. Alikuwa akilia kabla hajavua viatu. Aliniambia ameona jinsi nilivyokonda na hawezi kuibeba siri tena, kwa kuwa yeye ndiye anayemsomea babake ujumbe wa simu, macho ya mzee yakiwa hayaoni herufi ndogo. Akanipa simu ya Ami. Video ilikuwa imetoka kwako, kaka. Chini yake uliandika: «Ami, tazameni mlivyomwacha Safaa. Kichwa wazi, na hao watu wa bara. Mimi niko mbali, nyinyi mko hapo, mwangoja nini?» Nikatazama saa. Mashaallah zako mbili kwangu ziliingia saa moja na dakika nane. Ujumbe wa Ami, saa moja na dakika ishirini.

Dakika kumi na mbili, Bakr. Nimejaribu kufikiri ulikuwa unafanya nini katika dakika hizo. Kama ulikasirika, ungenipigia. Kama uliona haya, ungeniambia mimi kwanza, ningekusikiliza, lini sikukusikiliza? Lakini kwangu uliuliza habari za mchuzi, na kwa Ami ukauliza wangoja nini. Ami namwelewa, ingawa kuwapelekea wenzake kutaka shauri ndiko kulikoieneza picha. Yeye alinijia usoni akanigombeza. Wewe ulinichekea.

Sasa nikwambie na langu, ambalo mpaka leo tunalijua watatu tu. Kumfukuza Cherotich hakukunitosha. Siku ya pili yake nilivaa, nikaenda kwa mkubwa wake pale zahanati, nikamwambia muuguzi wake anapiga watu picha na kuzisambaza, na kwamba mtu kama huyo hafai kukabidhiwa siri za wagonjwa. Nilisema hayo kwa sauti tulivu, na bibi yule akayaandika. Wiki haikuisha wakamhamishia Kizingitini, kule kisiwa cha Pate. Nilipopata habari nilifurahi. Nakuandikia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilifurahi.

Siku mbili baada ya Razan kunionyesha, nilirudi kwa yule mkubwa, nikakana maneno yangu, naye akanitazama kama mtu anayetazama uchafu. Kisha nikapanda boti hadi Mtangawanda, na kutoka hapo nikapakiwa pikipiki mpaka Kizingitini. Nilimkuta Cherotich kwenye benchi nje ya zahanati, anamfunga mtoto kidonda. Alimaliza kwanza, akanawa mikono, ndipo akaja. Nilimwambia yote, la kwako na la kwangu, na nilipofika la mkubwa wake alifumba macho. Hakulia wala hakunitukana. Alisema, «Nilijua ni wewe, lakini nilikuwa nangoja uniambie.» Akasema amenisamehe, kwa sababu kukaa na hasira peke yake ugenini ni kazi nzito. Lakini nilipomwomba arudi chumba cha juu alikataa. Aliniambia tukikutana tutasalimiana vizuri, na nisimwombe zaidi ya hapo. Chai alininunulia, akanisindikiza mpaka kwenye pikipiki, na nyumbani kwake hakunikaribisha.

Fimbo nimeichukua kwa Ami. Nilimwambia ni mali ya marehemu babake mtu mwingine na lazima irudi kwa mwenyewe. Alinipa. Nimeipeleka Kizingitini, Cherotich akaipokea, na sasa nyumbani mwetu hakuna cha kuvulia. Wasichana wamerudi wanne.

Sikuandikii ili uniombe radhi. Nataka mambo mawili. Mwandikie Ami kwa mkono wako, umwambie kuwa picha ile nilikutumia mimi mwenyewe, kwa furaha, wala Cherotich hakumpa mtu. Na mwandikie Cherotich. Anwani yake nimeiweka nyuma ya karatasi hii. Ukiyafanya hayo tutaanza tena kuzungumza, pole pole. Usipoyafanya nitabaki mdogo wako kwa damu, nitakuombea kila swala, na ukija nitakupikia. Ila nikiwa na furaha sitakuambia tena, na nadhani hilo litaniuma mimi zaidi kuliko wewe.

Nisalimie sana Bi Hadia, umwambie kanga zilifika na Shangazi anazivaa kila siku. Wabusu watoto. Shangazi anakusalimu, nilimsomea barua hii yote, akaniambia nisifute neno.

Wassalaam,
mdogo wako,
Safaa