Kopo Tupu Haliendi kwa Dada

Tegeta, Dar es Salaam

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo dada. Nakuamkia kwa maandishi maana kwenye simu sauti yangu inakufikia nusu, nusu nyingine unaimalizia mwenyewe. Zuhura mwanangu, unayemsomea mama yako, kaa upande wa sikio lake zima na usiruke neno. Dada, miguu imepungua kuvimba? Chakula kinapita?

Mie huku alhamdulillahi. Ungeniona! Yule aliyetolewa Kilwa kalazwa siti ya nyuma kama furushi, leo anapanda ngazi za mwanawe bila kushika ukuta. Maana nyumba ya Idrisa ina ngazi, dada, na marumaru mpaka jikoni. Fundi viyoyozi yule si mchezo. Wenye maofisi yao wakianza kutoka jasho, wanamtafuta yeye.

Unakumbuka nilivyokuambia, baada ya kupasuliwa tumbo nilikuwa sili, bangili zinapanda mpaka kiwiko, kidonda hakitaki kufunga. Daktari akaniandikia ule unga wa kopo, wanauita amino asidi. Idrisa akauhangaikia mjini mpaka akaupata, mkewe Salma akawa ananichanganyia kwenye uji. Kidonda kikafunga, bangili zikarudi mkononi. Nikapiga simu Kilwa nzima: mwanangu kaniinua!

Na hilo, dada, ulilisikia lote! Ukasema, "Nitumie na mie." Nilipochelewa ukamwambia Zuhura, "Mdogo wangu siku hizi mchoyo, kaota marumaru." Nimeambiwa. Nilicheka, kisha nikalia.

Ukweli ni kwamba Idrisa alishakununulia kopo lako, mie nimeshalifunga kwenye kanga. Siku ya kurudi kuangaliwa kidonda nikamtambia daktari kuwa mwanangu anamhudumia na mama yake mkubwa. Akauliza unaumwa nini. Nikamwambia figo. Akaweka kalamu chini.

"Mama, huo usimpe."

"Nisimpe vipi, na mie umenipa mwenyewe?"

Akasema ukila samaki au kunde, tumbo linavimeng'enya vikawa vipande vidogo vidogo vya kujengea mwili. Ule unga ndio vipande vyenyewe. Mie nilikuwa na kidonda cha kujenga na chakula sili, ukanifaa. Lakini mabaki yake yanatolewa na figo. Figo zilizochoka ukizitwisha zaidi, taka zinabaki kwenye damu.

"Kwa hiyo ni sumu?"

"Si sumu."

"Basi ni dawa."

"Kwako ulisaidia, mama, pamoja na samaki wa mkweo na kule kutembeatembea."

Hapo nilimnunia kidogo. Sifa za mwanangu anazigawa kama pilau ya shughuli! Kisha akanivuruga kabisa. Eti wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine, wao wengine wanaongezewa vitu hivyohivyo.

"Sasa baba, apewe au anyimwe?"

"Inategemea vipimo vyake. Aseme daktari anayemtibu."

Nikatoka kichwa kinazunguka. Kitu kimoja, mie kiniinue, wewe kikulaze? Mama mmoja, baba mmoja, titi tulilonyonya moja! Usiku nikamuuliza Idrisa. Akasema, "Mama, hata viyoyozi, gesi ya hiki ukiitia kwenye kile unakiua, na vyote vinapoza." Sijasema nimeelewa, dada. Lakini si unaona anavyoongea mwanangu?

Basi nikabaki hapo. Nikituma, naogopa. Nisipotuma, mchoyo. Mwishowe nikamwambia Salma amimine unga kwenye chupa yetu, kopo nikutumie, lina maandishi yote. Akataka kulifunga vilevile kwenye gazeti. Nikamwambia, "We mtoto! Tangu lini chombo kikaenda kwa watu kitupu?" Ndiyo maana ukilifungua utakuta udi. Udi haunywewi, haupiti kwenye figo za mtu.

Kopo lipeleke hospitali unakopimwa, daktari wako alisome. Akisema unywe ule unga, naja nao mwenyewe nimeupakata. Akikataa, fukiza udi wako, wanaokuja kukuona wajue una mtoto Dar. Na usije ukaacha samaki kwa hofu ya barua hii. Hilo nalo muulize, kiasi gani ule. Zuhura, nenda naye, yeye ataitikia tu hata asiposikia.

Nisalimie shemeji, mwambie kofia yake Salma anaimalizia kudarizi. Nisalimie na jirani yetu mkunga, aliyenifunga tumbo kwa kanga yake siku ya safari. Kanga ninayo, nami siirudishi mikono mitupu.

Niite mchoyo mwaka mzima, dada, nitaitika. Mradi uwepo wa kuniita.

Mdogo wako,
Mwanaidi, mama Idrisa