Mkono wa Mama Rehema

Alhamisi, 9 Oktoba. Kibaha.
Darasa la huduma ya kwanza kwa madereva wa bodaboda. Mgonjwa kama kawaida ni mke wangu, Mama Rehema. Analala chini, analia kilio cha uongo, namfunga mabanzi ya mbao na vipande vya kanga. Nimesisitiza: mkono uliovunjika hauvutwi. Ufunge ulivyoukuta, mpeleke hospitali. Dereva mmoja akauliza kama kitambi changu nacho kinafungika. Wakacheka. Nami nikacheka, kikatikisika.

Jumamosi, 11 Oktoba. Masaki, Kisarawe.
Kuokota korosho shambani kwa wakwe. Mama Rehema kateleza, kaangukia mkono wa kulia. Safari hii kilio cha kweli. Umepinda juu ya kiwiko. Nimeufunga vizuri, jambo pekee ninaloliweza duniani. Vidole vilikuwa vinacheza. Nikaenda kutafuta gari. Niliporudi alikuwa kimya, jasho linamtoka. Mafundo ya kanga hayakuwa yangu. Nikayalaumu macho.

Jumapili, 12 Oktoba. Kibaha.
Hospitali. Vidole vimekufa ganzi. Daktari, kijana wa umri wa Rehema wetu, akauliza nani kauvuta mkono huu. Mama Rehema akasema, "Mume wangu. Yeye ndiye mwalimu."

Nimesemwa mbele ya wodi nzima. Aliyeuvuta ni kaka yake, shemeji Abdu, anayejiita mrithi wa babu yao, mganga wa kuvuta mifupa. Nilipogeuka tu, Mama Rehema akamwita. Miaka yote ninamfunga, kumbe alikuwa ananistahi tu, haniamini.

Mshipa wa fahamu umebanwa. Wamempasua leo. Hawana hakika kama vidole vitashika sindano tena, na yeye ni fundi cherehani. Nina hasira. Nina hofu. Sijui ipi kubwa.

Jumatano, 15 Oktoba.
Habari imefika kijiweni. Darasani wamekuja wawili, mmoja kapotea njia. Abdu kapiga simu. Kaniamkia shikamoo, na yeye ni mkubwa kwangu. Nimeitikia marahaba, nikakata.

Jumapili, 26 Oktoba.
Tupo nyumbani. Kidole cha shahada kimecheza. Kidogo. Tumekiangalia wote wawili kama mtoto anayeanza kutembea.

Baadaye akasema, macho chini, "Baba Rehema, nilimwogopea kaka."
"Na mimi?"


Kitambaa kinachobeba mkono kilikuwa kimelegea. Akanisogezea mkono. Nimebonyeza kucha yake kama ninavyofundisha. Ikawa nyeupe, wekundu ukarudi: damu inafika. Nimefunga upya. Fundo langu lilelile. Likiguswa, nitajua.