Sauti Niliyompa Belyse

Rooty Hill, Sydney
Ijumaa, tarehe 26 Aprili

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Cécile,

Nakusalimu kwa heshima na kwa hamu, wewe na shemeji na kale kachanga ambako bado sijakashika. Natumaini mvua za huko zimewaachia paa. Sisi tu wazima. Goti la mama limepoa kidogo na anaendelea na kazi yake ya kuwatunza wazee. Baba amehamishiwa zamu ya asubuhi ghalani, kwa hiyo siku hizi tunamwona akiwa macho. Baridi ya huku imeanza, na nyumba nzima inanuka tangawizi.

Utashangaa kupata karatasi wakati tunaongea kwenye simu kila Jumapili. Lakini si unajua, mama huweka simu mezani ili kila mtu asikie, na zamu yangu ikifika nasema "nzuri, yaya," halafu naishiwa. Mama Marie-Jeanne wa kwaya yetu anasafiri kwenda Kigoma Jumatano. Ameahidi kukufikishia hii bila kuifungua. Nimepaka gundi mara mbili, kwa sababu unamjua.

Uliuliza kama bado naimba. Naimba. Shuleni, mwalimu wa muziki, Bwana Douglas, ananifundisha kila Jumanne mchana. Ananipa mrija na glasi ya maji, napuliza mapovu huku nikipandisha sauti taratibu, kama mtoto anayechezea soda. Anasema koo likizoea kutopigana, sauti inapita yenyewe. Nilimweleza jinsi ulivyokuwa unanilaza chali kwenye mkeka na kuniwekea pakiti ya unga tumboni: pakiti ipande, mabega yasipande. Akasema dada yako ni mwalimu wa kweli. Nilijivuna wiki nzima.

Kwenye kwaya yetu ya Blacktown nasimama mwisho wa mstari, nyuma ya Mama Marie-Jeanne, mahali ambapo hata picha hainifikii. Nyimbo za huko kwenu kambini tunaimba bila kinanda, na Papa Fiacre, mwalimu wa kwaya, aligundua kwamba sikio langu halisahau. Kwa hiyo mimi ndiye ninayetoa sauti ya kuanzia. Naguna "do" polepole, anayeongoza anaidaka, wimbo unaondoka. Watu hawajui hata kama nipo. Nilidhani nimeridhika hivyo.

Belyse alifika Septemba pamoja na shangazi yake, wanakaa mitaa miwili kutoka kwetu. Wewe unamjua kuliko mimi, maana ulikuwa naye kwenye kwaya ya kambini miaka yote ambayo sisi tuko huku. Jumapili ya kwanza alipofungua kinywa, mama alinishika mkono akasema, bila hata kunong'ona, "Msikie Cécile!" Na kweli ilikuwa wewe, yaya. Ile namna yako ya kuchelewesha neno. Kidevu kinashuka badala ya kupanda. Na ile pumzi unayoiba katikati ya mstari bila kifua kutikisika. Unakumbuka nilikuomba unifundishe hiyo? Ulisema nisubiri nifikishe miaka kumi na mitano, mapafu yakomae. Nilikuwa na kumi tulipopanda ndege na faili yenu ya kuhamia huku ikabaki. Nimefikisha hiyo kumi na mitano, nimeipita, na pumzi yangu amepewa mtu mwingine.

Anakuita yaya, vilevile kama mimi. Ana habari zako ambazo mimi sina, kwamba ulijifungua Jumamosi na baada ya wiki mbili ulikuwa mbele ya kwaya, mtoto mgongoni. Mimi nilipata picha mbili kwenye simu. Na kibaya zaidi, Belyse ni mwema. Alikuwa akiniletea maandazi kwenye mazoezi na kuniita "mdogo wa yaya" kana kwamba ni cheo. Nilikuwa nakula maandazi yake huku roho inaniuma.

Mwezi wa pili Papa Fiacre alimpa Belyse aongoze wimbo mmoja mrefu kwenye mkutano wa kwaya, Jumapili iliyofuata Pasaka. Siku ile niliinua mkono kwa mara ya kwanza maishani, niseme na mimi ningependa kujaribu. Maneno yalitoka madogo mno. Papa Fiacre akadhani naomba ruhusa ya chooni, akasema, "Nenda tu mwanangu, usichelewe." Nikaenda. Nilikaa huko dakika tano nikisoma tangazo la kunawa mikono.

Siku ya mkutano zilikuja kwaya tisa, nyingine kutoka Fairfield. Belyse alianza vizuri. Ubeti wa pili mishipa ya shingo ikasimama. Ubeti wa tatu, unapopanda juu kabisa, sauti yake ilichanika, ikabaki hewa tupu. Vijana wa Fairfield waliokaa nyuma wakawika, "Kokoriko!" Belyse alisimama palepale mpaka wimbo ukaisha, ndipo akatoka.

Kwenye gari tukirudi, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mama Marie-Jeanne alisema ni aiskrimu, kwamba koo lililokulia kambini halijui mambo hayo. Papa Fiacre akamwambia Belyse kwa upole kwamba woga ulimfanya aipandishe sauti aliyopewa, hata wakubwa hukosea hivyo. Belyse akanigeukia akaniuliza kama ni kweli aliipandisha. Nikamjibu kwamba sikusikia vizuri.

Tangu hapo hakuliamini tena sikio lake. Kwenye mazoezi anaanza, anakatisha, anauliza, "Hii ndiyo?" Nyumbani akawa anapiga kelele bafuni, bomba limefunguliwa ili shangazi asisikie, akilazimisha ile sehemu ya juu mpaka akakauka koo. Jumanne iliyopita alimwambia Papa Fiacre kwamba anaacha kwaya, kwamba Mungu alimpa sauti ya kambini tu. Papa Fiacre akaangaza macho, akanipa mimi wimbo ule niuongoze Jumapili hii.

Yaya, hakuipandisha. Niliipandisha mimi. Nilimpa sauti ya kuanzia hatua mbili nzima juu ya ile tuliyoizoea. Sikujisahau, unajua sikio langu. Nilipiga hesabu tukiwa bado tunapanga mistari, nikajua ubeti wa tatu utamfikisha wapi. Nilitaka achanike mahali palepale anapofanana na wewe. Na ilipotokea, kabla sijaona haya, nilifurahi. Hilo sijamwambia mtu, nakuambia wewe.

Yaliyobaki nilimwambia Belyse jana, kwenye jukwaa la stesheni hapa Rooty Hill. Aliuliza ni hatua ngapi. Nikasema mbili. Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza, halafu akasema, "Basi sikio langu si bovu." Akalia. Kisha akanipiga ngumi begani, na haikuwa utani, bado panauma ninapoandika. Treni ya mjini ilipita, ikapita na ya pili. Akasema eti mimi namwonea wivu kwa dada ambaye hata yeye Belyse amemwacha huko, tena mimi nina mama nyumbani.

Nilimwomba arudi. Akasema atarudi, ila mimi nitasimama mbele ya kwaya nzima Jumapili niseme nilichofanya, kwa sauti inayofika mlangoni. Nikishasema, nitauongoza wimbo uleule, sitakimbilia chooni, na sauti ya kuanzia atanipa yeye. Nikamwuliza atanipa ipi. Akasema nitaisikia hapohapo, kama yeye alivyoisikia.

Barua hii ikikufika nitakuwa nimeshaimba, sijui kwa kimo gani. Nisamehe kwa kuliaibisha jina lako. Ukipiga simu, tafadhali usianze na hili mbele ya mama. Mbusu mtoto shingoni kwa niaba yangu, msalimie shemeji, na wote wa kwaya wanaonikumbuka. Mungu aisukume faili yenu.

Ni mimi mdogo wako,
Aksanti Mushagalusa